"Leo Siwezi": Kijana Kati ya Kazi za Nyumbani, Marafiki na Masomo

Kuna maneno mawili ambayo kijana wa miaka 15 anaweza kuyaandika kwenye simu kila jioni bila mtu mzima yeyote kuyaona: "Leo siwezi." Rafiki ameuliza kama watakutana baada ya vipindi. Jibu linakwenda fupi kwa sababu maelezo yake ni marefu. Mdogo wake ana homa, mama atarudi usiku, bibi anatakiwa kupewa dawa baada ya kula, vyombo vya mchana bado viko kwenye karai, na kesho asubuhi kuna jaribio la hesabu. Rafiki anajibu "sawa," na kila mmoja anaendelea na jioni yake.

Watu wazima tunapowajadili vijana wa namna hii, tunagawanyika upesi sana. Upande mmoja unasema samaki mkunje angali mbichi: mtoto asiyefua, asiyepika, asiyembeba mdogo wake, atakuja kuwa mtu mzima wa namna gani? Upande wa pili unajibu kwamba mshika mawili moja humponyoka: kazi ya mtoto ni kusoma, ukimpa karai na daftari kwa wakati mmoja, daftari litalowa. Kila upande una watoto wa kuwatolea mfano.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yenye watoto wengi, na nilipoanza kusoma tafiti juu ya jambo hili nilitarajia kukuta upande mmoja umeshinda. Sikukuta. Pande zote mbili zinabishania kiasi cha kazi, huku yanayoamua mambo ya kijana yakiwa mengine: kama kazi ina mwisho, kama inatabirika, na kama anayeifanya anaonekana. Tena wote hutazama ripoti ya shule, ilhali kinachoanza kuliwa kimyakimya ni urafiki.

Wiki ina saa 168

Tuanze na saa, maana hizo hazina ubishi. Wiki ina saa 168. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2016, wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Tuseme 9. Hizo ni 63 kwa wiki, zinabaki 105. Shule pamoja na safari ya kwenda na kurudi tuiwekee 45, zinabaki 60. Kula, kuoga na kuvaa, saa 2 kwa siku, zinabaki 46. Mazoezi ya shule ya kufanyia nyumbani, saa 2 kwa siku, zinabaki 32.

Kijana anayesaidia nyumbani saa 2 kila siku amebakiwa na saa 18 za marafiki, michezo, ibada na kukaa tu bila kufanya lolote. Anayesaidia saa 4 kila siku amebakiwa na saa 4. Kwa wiki nzima. Na hapo hujamhesabia ugonjwa, mgeni aliyekuja ghafla, wala wiki ya mitihani.

Kwa watoto wadogo mstari umewekwa. UNICEF humhesabu mtoto wa miaka 5 hadi 14 kuwa yumo katika utumikishwaji anapofanya kazi za nyumbani bila malipo kwa saa 21 au zaidi kwa wiki. Lakini kwa wenye miaka 15 hadi 17, kipimo hicho hutazama kazi za kiuchumi tu. Kazi za nyumbani haziingii kabisa kwenye hesabu. Siku ya kutimiza miaka 15, karai, kuni na mtoto mgongoni vinatoweka kwenye takwimu, ingawa ndio umri ambao masomo yanakuwa mazito na marafiki wanakuwa kila kitu. Jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipolisoma.

Mwaka 2016 UNICEF ilikadiria kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia saa milioni 550 kila siku kwa kazi za nyumbani, saa milioni 160 zaidi ya wavulana wa umri huo. Kwa hiyo tunaposema "vijana wanasaidia nyumbani," mara nyingi tunamaanisha dada. Kaka yake, chini ya paa lilelile na akiwa na mtihani uleule, anaandika "nakuja."

Hamu ya kusoma na muda wa kusoma

Kama saa zingekuwa ndiyo habari yote, makala ingeishia hapa: kazi ikipanda, masomo na marafiki vinashuka. Watafiti walipokwenda kuwauliza vijana, hawakukuta mambo yakiwa hivyo.

Mwaka 1999 Andrew Fuligni na wenzake walichapisha utafiti juu ya vijana wa sekondari nchini Marekani waliotoka katika familia zenye asili ya Asia, Amerika ya Kilatini na Ulaya. Waliwauliza ni kwa kiasi gani wanaona ni wajibu wao kuisaidia familia, kuiheshimu, na kuitegemeza siku za mbele. Walioona wajibu huo kuwa mzito walikuwa na uhusiano mwema zaidi na wazazi, uhusiano mwema zaidi na wenzao, na hamu kubwa zaidi ya masomo. Kwa alama za darasani picha ilipinda. Dalili zilionyesha kwamba wenye alama nzuri zaidi walikuwa wale wa katikati. Waliojiona na wajibu mzito kupita wote walipata alama zinazokaribiana na za wale wasioona wajibu wowote, au hata chini yao.

Hapo ndipo fundo lilipo. Mtoto huyohuyo anaweza kuwa na hamu ya kusoma kuliko darasa zima na bado akapata alama za chini. Anasoma kwa ajili ya mama yake, na anakosa muda wa kusoma kwa ajili ya mama yake. Mwalimu asiyejua hilo huona alama peke yake, anaandika "hajitumi," na kijana anayejituma kuliko wote anarudi nyumbani na neno hilo kwenye karatasi.

Baadaye Fuligni na Eva Telzer walitumia njia nyingine, ya shajara. Badala ya kumuuliza kijana "huwa unasaidia kiasi gani?" wakampa karatasi fupi ya kujaza kila usiku kabla ya kulala, kwa siku 14 mfululizo: leo umefanya nini, kwa muda gani, umejisikiaje. Njia hii ni bora kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Aliyechoka leo atasema anafanya kazi daima, na aliyezoea hataona kama alichofanya ni kazi. Wengi wanaowalea wadogo zao, ukiwauliza wanafanya kazi gani nyumbani, hujibu "hakuna, nakaa tu na mtoto."

Matokeo ya shajara hizo, yaliyochapishwa 2009, yalikuwa mawili na yanapaswa kusomwa pamoja. La kwanza, kusaidia nyumbani kwa jumla hakukuambatana na huzuni wala wasiwasi. Kuliambatana na furaha, kwa sehemu kwa sababu kijana alihisi ametimiza nafasi yake kama mwana katika nyumba. La pili lilipatikana kwa kuwafuatilia vijana miaka kadhaa ya sekondari. Kwa wale wa familia zenye asili ya Meksiko, ambao walisaidia zaidi ya wenzao, alama zilishuka pale idadi ya siku za kusaidia ilipoongezeka mwaka hadi mwaka.

Idadi ya siku ndiyo iliyonifanya nisimame. Kijana anayefanya kazi saa 6 Jumamosi na anayefanya karibu saa moja kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, wanalingana wakijumlishwa, lakini hawaishi maisha sawa. Wa kwanza ana siku 6 ambazo akili yake ni yake. Wa pili hana hata moja. Kazi ya kila siku haichukui tu dakika inazofanyika. Huchukua pia dakika za kuisubiri, za kukumbuka, za kutega sikio. Kijana anayemlinda mdogo wake huku akifanya hesabu hafanyi hesabu kwa saa nzima. Anafanya vipande 12 vya dakika 5, na kila kipande kinaanza kwa kutafuta alipoishia. Somo la kukariri linaweza kuvumilia hali hiyo. Hesabu ndefu, insha na fizikia hazivumilii. Ndiyo maana nyumba inaweza kuapa kwamba mtoto "alikaa na vitabu jioni nzima," na ikawa inasema kweli, na bado somo halikuingia.

Anayekatwa kwanza ni rafiki

Turudi kwenye zile saa 32. Zikianza kubana, kijana anakata wapi? Mazoezi ya shule yana mwalimu atakayeuliza kesho. Kazi ya nyumbani ina mama atakayeuliza leo. Rafiki hana mamlaka. Hawezi kumwadhibu mtu, hawezi kumpa alama ya sifuri, na akikataliwa kwa upole atasema "sawa." Kwa hiyo anakatwa yeye. Ukitafakari, ni uamuzi wa heshima: kijana amewatimizia wote waliomdai, akachukua kutoka kwenye fungu lake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba urafiki wa umri huu hujengwa na saa zisizo na shughuli. Watu wazima tunaweza kukutana mara mbili kwa mwaka tukaendelea tulipoachia. Vijana hujenga urafiki kwa kutembea polepole kutoka shule, kwa kukaa ukutani wakicheka jambo ambalo hakuna mwingine angelicheka, kwa kuwapo siku ile kitu fulani kilipotokea, kitu ambacho baadaye kitatajwa kwa neno moja na wote watakufa kwa kicheko. Asiyekuwapo haelewi lile neno. Hajagombana na mtu na hakuna aliyemchukia. Ila "leo siwezi" ya kwanza inajibiwa "pole," ya 5 inajibiwa "sawa," na baada ya ya 10 hakuna anayeuliza tena. Hawajamtenga. Wameona ni kumsumbua.

Na wapo wanaoficha. Kijana anaona haya kusema kwamba hawezi kuja kwa sababu anambadilisha baba yake nguo baada ya ugonjwa, au kwa sababu nyumbani hakuna mwingine wa kupika. Anatunga sababu: ana mafua, amechoka, hapendi mpira. Marafiki wanaamini kile alichosema, na picha wanayobaki nayo ni ya mtu asiyewapenda. Simu husaidia kidogo, kwa maana anaweza kufuata mazungumzo huku anaosha vyombo. Lakini kusoma kicheko cha wengine si kucheka nao.

Kisha rafiki akishakatwa na bado saa hazitoshi, unakatwa usingizi. Kijana anasubiri nyumba itulie ndipo afungue daftari, na watu wazima humsifu kwa hilo. Utafiti wa 2013 uliowafuatilia wanafunzi 535 katika miaka ya sekondari ulionyesha ubaya wake: bila kujali mwanafunzi kwa kawaida anasoma sana au kidogo, akikata usingizi wake ili asome zaidi ya kawaida yake, siku inayofuata huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutoelewa somo darasani au kuharibu jaribio. Saa iliyoibwa usiku inadaiwa asubuhi, mbele ya mwalimu.

Lakini nisipotoe picha. Kusaidia nyumbani kunaweza pia kumpa kijana marafiki, au angalau kumpa kile kinachowavuta. Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika uwanja huu ulifanywa na mwanaanthropolojia Carol Ember katika jamii ya Waluo nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1973. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na binti wa umri wa kufaa, hivyo mvulana alipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, pamoja na kulea watoto wadogo. Wavulana hawakuzichagua, zilikuja kwa sababu ya mpangilio wa kuzaliwa tu. Walionekana kuwa wapole zaidi na wenye kuwajali wengine zaidi kuliko wavulana ambao hawakupewa kazi hizo, na tofauti ilionekana hasa kwa waliofanya kazi za ndani ya nyumba.

Ukiwahi kulea mtoto mchanga unaelewa kwa nini. Mtoto asiyesema anakulazimisha kusoma uso, kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi, kuizuia hasira yako wakati huna pa kuipeleka. Anayejua kumsoma asiyesema atamsoma pia rafiki anayesema "niko sawa" na hayuko sawa. Vijana wanaolea mara nyingi ndio ambao wenzao huwaendea na shida zao. Wana sifa zote za rafiki bora, isipokuwa muda.

Mzigo uleule, migongo tofauti

Kwa nini basi kazi ileile humkuza mmoja na kumvunja mwingine? Tafiti nyingi zinaelekea jibu moja: inategemea kijana anahisi nini anapoifanya, na hisia hiyo hutegemea sana jinsi nyumba inavyompokea.

Mwaka 2010 Telzer na wenzake waliwaweka vijana katika mashine ya kupiga picha za ubongo ukiwa kazini. Vijana walikuwa wakiamua kama wapokee fedha wao wenyewe au waitolee familia sehemu yake kwa hasara yao. Kwa vijana wenye asili ya Amerika ya Kilatini, sehemu za ubongo zinazohusika na raha ya kupata zawadi ziliamka zaidi walipoitolea familia kuliko walipopokea wao. Kwa vijana Wazungu ilikuwa kinyume. Lakini katika makundi yote mawili, wale ambao katika maisha yao ya kila siku walihisi kwamba kuisaidia familia kunawatimizia nafasi yao ndio walioonyesha raha zaidi katika kutoa. Kundi lilelile la watafiti likaonyesha mwaka 2013 kwamba vijana ambao bongo zao zilifurahia zaidi kuitolea familia walipungukiwa na tabia za hatari kadiri muda ulivyokwenda.

Mwili nao una la kusema. Utafiti mdogo wa awali wa 2009 ulipima damu za vijana na kukuta kwamba waliosaidia nyumbani mara nyingi zaidi walikuwa na viwango vya juu zaidi vya viashiria vya uvimbe wa ndani ya mwili, vile ambavyo madaktari huvihusisha na msongo wa muda mrefu. Kwa wale waliohisi kwamba kusaidia kunawafanya wana wema, uhusiano huo ulikuwa dhaifu zaidi. Hakuna anayeweza kusema kutokana na utafiti mmoja kama huo kwamba kazi za nyumbani husababisha ugonjwa. Wala karibu tafiti zote nilizozitaja haziwezi kuthibitisha nini kimesababisha nini. Zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hata hivyo ni muhimu kujua kwamba kijana anaweza kuwa na furaha na fahari ya kuibeba nyumba huku mwili wake ukiwa unalipa.

Kuonekana, basi, si pambo. "Ahsante, mwanangu, bila wewe leo nisingefika kazini" ni sentensi inayobadilisha maana ya kazi iliyokwisha kufanyika. Wazazi wengi wanaihisi mioyoni na hawaitamki, kwa kuwa wao pia hawakutamkiwa.

Kinyume chake ni ugomvi. Mwaka 2008 Lisa Flook na Fuligni walionyesha kwa shajara kwamba matatizo ya nyumbani na matatizo ya shule huambukizana: siku ya ugomvi nyumbani hufuatwa na matatizo ya masomo hadi siku mbili baadaye, na matatizo ya shule nayo huzaa ugomvi nyumbani. Nyumba nyingi hudhani vyombo vilivyooshwa jana ndivyo vilivyoharibu jaribio la leo, na kumbe huenda ni kelele zilizopigwa juu ya vyombo hivyo. Kuosha kulichukua dakika 20. Kelele zimekaa kichwani siku mbili.

Kuna pia aina ya kazi isiyoonekana kabisa. Mwaka 1973 wataalamu wa tiba ya familia walilipa jina jambo la mtoto kugeuzwa mzazi, na waliokuja baadaye wakatofautisha sura zake mbili. Ipo ya vitendo: kupika, kulea, kulipa bili, kumpeleka mdogo hospitali. Ipo ya moyo: kumsikiliza mama analia juu ya deni, kumpatanisha baba na mama, kuwa mshauri wa mtu ambaye ndiye alipaswa kukushauri. Ya vitendo, ikiwa na kiasi na shukrani, vijana wengi huibeba. Ya moyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Haina saa ya kuanza wala ya kumaliza, huwezi kuipangia zamu, na kijana hawezi kuitoa kwa rafiki yake bila kuhisi ameanika siri ya nyumbani. Hivyo inamkata na marafiki hata siku ambayo ana muda wa kukutana nao. Amekaa nao ukutani, na hayupo.

Kazi nyingine zina pande zote mbili ndani yake. Watoto wa wahamiaji huwatafsiria wazazi wao kila mahali: hospitalini, benki, kwenye ofisi za serikali, hata kwenye kikao cha wazazi shuleni, ambako mtoto anatafsiri malalamiko juu yake mwenyewe. Ni mzigo. Lakini utafiti wa 2007 wa Lisa Dorner, Marjorie Faulstich Orellana na Christine Li-Grining nchini Marekani ulikuta kwamba watoto waliotafsiri zaidi walipata alama za juu zaidi katika mitihani ya kusoma. Barua ya bima ni kitabu kigumu kuliko vyote anavyopewa darasani, na anakisoma huku nyumba nzima ikimsubiri.

Kisha wako wale ambao neno "kusaidia" haliwatoshi. Kijana ambaye mzazi wake ni mgonjwa wa muda mrefu hasaidii nyumba. Yeye ndiye nyumba. Uingereza, ambako sensa ya 2011 ilihesabu walezi 166,363 wenye miaka 5 hadi 17 katika England pekee, ilipitisha sheria mwaka 2014 inayompa mlezi mtoto haki ya kutathminiwa mahitaji yake. Nchi nyingi hazina hata jina rasmi kwa watoto hawa, na shule huwafahamu kwa majina mengine: mchelewaji, msinziaji, mtoro.

Kinachoweza kusogezwa

Mara nyingi kiasi cha kazi hakipunguki. Mama hawezi kuacha kazi ya usiku, bibi hawezi kuacha kuugua. Kumwambia mzazi wa namna hiyo "mpunguzie mtoto kazi" ni kumtukana. Lakini mpangilio unaweza kusogezwa hata pale ambapo kiasi hakisogei, na mimi ningeanza na siku. Siku moja kwa wiki ambayo ni ya kijana, inayojulikana mapema, isiyovunjwa kwa jambo dogo. Inaweza isipunguze hata saa moja ya kazi kwa jumla, kwa kuwa kazi itahamia siku nyingine. Ila inampa kitu cha kumwambia rafiki. Tofauti kati ya "sijui kama nitaweza" na "Jumamosi naweza" ndiyo tofauti kati ya kuendelea kualikwa na kuacha kualikwa.

Pili ni zamu, na zamu ya kweli ni ile inayomhusu kaka pia. Zile saa milioni 160 hazikuanguka kutoka mbinguni. Na kama matokeo ya Ember yana uzito, mvulana anayenyimwa kazi za ndani hafanyiwi hisani.

Wiki za mitihani zinahitaji makubaliano ya mapema, kabla ya kijana kulazimika kuomba, kwa sababu kijana mwenye wajibu mzito haombi. Atakata usingizi kwanza. Na mazoezi magumu yapewe saa moja isiyokatizwa, hata kama ni alfajiri, kuliko saa tatu za vipande.

Rafiki naye aruhusiwe kuingia ndani. Wazazi wengi huona aibu mgeni akikuta nyumba haijatulia, lakini vijana wawili wanaomenya viazi pamoja wanapata ileile saa isiyo na shughuli ambayo wangeipata ukutani, na mdogo mtu anapata wa kumchezesha.

Kwa mwalimu sina mengi ila swali moja la kuuliza kabla ya kuandika "hajitumi": "Ukifika nyumbani, unafanya nini kwanza?" Liulizwe faraghani, bila sauti ya kushitaki, na jibu lisikilizwe hadi mwisho. Kuna wanafunzi ambao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote, na jibu lao la kwanza litakuwa "hakuna, nakaa tu na mtoto."

Katika nyumba ambayo mambo haya yamezungumzwa, jioni haibadiliki sana. Mdogo bado ana homa, mama bado atarudi usiku, vyombo bado viko kwenye karai. Simu inalia. Kijana anajifuta mikono, anaandika: "Leo siwezi, ila kesho ni zamu ya kaka. Mnakutana saa ngapi?"